Katoni za Tunduma

"Simba Tatu, Noah nyeupe imepita Igawa. Ifuate mpaka kwa mwenye mali. Usikamate njiani."

"Nimekupata, mkuu."

Gwakisa, askari wa kikosi cha kuzuia dawa haramu, aliweka redio chini, akakanyaga moto. Hilux ikanguruma.

Usikamate njiani. Wiki sita zilizopita, kule Tunduma, yeye mwenyewe ndiye aliyetoa ushauri huo. Aliziona katoni za kwanza za dawa zikivuka mpaka, akaziacha zipite ili zimfikishe kwa bosi.

Zikampotea.

Zikaibukia Soweto, Mbeya, zikiuzwa kama sindano za kupunguza mwili. Mwalimu mmoja, Happy, alidungwa tatu.

Akafa Jumanne.

Na leo asubuhi, kabla ya msako, Dokta Lusia wa maabara ya kikosi alikuwa amempigia simu.

"Mafuta ya mwilini hayakai tu, Gwakisa. Yanatuma kemikali kwa viungo vya jirani. Yaliyouzunguka moyo yanazungumza na moyo. Ya tumboni yanazungumza na ini."

"Na hiyo dawa?"

"Inayachokonoa. Badala ya kuulinda moyo, yanaupelekea kemikali za kuuvimbisha. Mtu anapungua kilo, anafurahi, kumbe moyo unaharibika."

Gwakisa alikata simu, akaingia barabarani.

Makambako. Mafinga. Saa kumi na moja jioni Noah ilipanda kilima cha Iringa, ikaingia kwenye ghala moja Mlandege. Gwakisa aliegesha mbali, akainua darubini. Mzungu mwenye koti la kijivu alitoka kumpokea dereva.

Viktor Brandt, yule wa kwenye faili lao. Bosi mwenyewe.

Ndani ya dakika tano katoni zote zilihamishiwa kwenye gari dogo la mizigo, Kirikuu. Kirikuu ikakata kushoto, kuelekea mjini kwenye maduka ya vipodozi. Viktor akapanda Prado nyeusi, akakata kulia.

"Simba Tatu, mng'ang'anie bosi!" Liberatus, mkuu wake, alifoka redioni. "Dawa tutaitafuta kesho!"

Kesho.

Gwakisa alizungusha usukani kushoto.

"Prado nyeusi inashukia Ipogolo, mkuu. Fungeni daraja. Mimi nafuata dawa."

"Unakaidi amri?"

"Ndiyo, mkuu."

Aliipita Kirikuu kwa kasi, akaikingia njia. Breki zikalia. Dereva aliruka nje na bastola mkononi.

Glock ya Gwakisa ilitangulia.

Risasi moja, ya bega. Bastola ikadondoka kwenye lami. Gwakisa alimfunga pingu, akapanda nyuma ya gari na kukagua katoni moja baada ya nyingine. Hakuna iliyofunguliwa. Akazikagua tena.

Redio ikakoroma.

"Tumemnasa darajani," Liberatus alisema. Sauti ilikuwa imepoa. "Kazi nzuri, kijana."

Gwakisa alizima redio.

Kesho yake mchana alipiga hodi kwenye nyumba moja Soweto. Jofrey, mume wa Happy, alimfungulia.

"Karibu, kaka. Nimesikia mmewakamata. Mungu awabariki."

"Tumewakamata wote." Gwakisa hakukaa. "Lakini mzigo uliomuua mkeo niliuona mpakani. Ningeweza kuuzuia. Niliuacha upite makusudi, nikitaka wakubwa wao."

Jofrey alisogea karibu.

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Toka nyumbani kwangu."

Gwakisa aliinamisha kichwa. Akavaa miwani ya jua, akatembea taratibu hadi barabarani bila kugeuka nyuma. Majirani waliomtazama waliona mtu asiye na wasiwasi wowote.

Ndani ya Hilux, alivua miwani, akafuta machozi, ndipo akawasha gari.