Sauti Iliyomtangulia Fundi

Ilianza na neno "uzi". Fundi wa nguo za kike, ambaye wateja walisema ulimi wake unakwenda mbio kuliko cherehani yake, alifungua kinywa amwombe mdogo wake uzi mweusi. Kabla hajatamka, sauti chini ya meza ikasema, "Nipe uzi." Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Mdogo wake, mjamzito wa miezi minane, akampa bila kuinua macho.

"Umesikia nini?" Fundi aliuliza.

"Si umeomba uzi, dada?"

Wiki nzima ikawa hivyo. Akitaka kusema kijani, sauti imeshasema kijani. Akijitia ujanja ageuze dakika ya mwisho aseme nyekundu, sauti chini ya meza imeshanong'ona nyekundu, na harufu ya nywele zilizoungua inampanda puani. Akaacha kusema, akawa wa kuonyesha kwa kidole. Ndipo sauti ikaanza kutaja matendo: utainuka, utakunywa maji, utarudi. Akainuka, akanywa, akarudi.

Alhamisi, jua likiwa utosini, ikamwambia: "Leo kabla ya alasiri utamchoma mdogo wako tumbo kwa mkasi."

Akautupa mkasi uvunguni, akauokota ili autupe mbali zaidi, akajikuta kasimama katikati ya chumba kaukamata kwa nguvu, hajui kama anautoa nje au anaupeleka, huku mdogo wake amempa mgongo anakunja vitambaa, na kila hatua aliyodhani ya kumkimbia ilikuwa inamsogeza kwake.

Akapiga yowe. Shemeji yake, mwalimu wa dini, akaja mbio kutoka chuoni jirani, hata viatu hakuvaa.

"Shemeji, kuna sauti chini ya meza inasema nitamchoma. Nimeandikiwa," Fundi alimnong'oneza. "Kilichoandikwa nitakikimbilia wapi?"

"Hilo ni jini, na jini hajui ghaibu, yaliyofichika. Mungu ndiye ajuaye, na kujua kwake hakukushiki mkono. Huyu anakusukuma, kisha anajiita mtabiri. Weka mkasi chini. Keti. Kazi yako ni moja tu: usiinuke."

Akaketi. "Utainuka," ikasema sauti. Jasho likamchuruzika, vidole vikajikunja vyenyewe kutafuta mkasi, na sauti ikarudia utainuka, utainuka, mpaka ikawa kama inasemwa na meno yake mwenyewe, naye akang'ang'ania kiti kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima, mpaka adhana ya alasiri ikaita.

Kimya. Harufu ikatoweka. Mdogo wake mzima, tumbo lake zima.

"Nimekaa!" Fundi akalia kwa furaha. "Nimekaa kwa hiari yangu!"

Chini ya meza ile sauti ikacheka taratibu. "Na mwalimu, nani alimpa maneno ya kukuketisha?"

Fundi akageuka. Uso wa shemeji yake ulikuwa umepauka.

"Shemeji, yale maneno uliyatoa wapi?"

"Nilipokuwa nakuja mbio, kuna aliyeninong'oneza sikioni," alisema. "Nilidhani ni fikra zangu."