Tarehe ya Kuchukua

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijanywa maji, nilipitia dukani kwa baba na kushika daftari. Baba yangu ni fundi cherehani, mshonaji wa suti. Mikono yake haiachi kitambaa, kwa hiyo simu niliipokea mimi, na wateja niliwaandika mimi. Mteja akileta kazi, nilichukua kikaratasi nikaandika ni kazi gani, ina tatizo gani, na chini kabisa, tarehe ya kuchukua. Kisha nilikibana kwa pini kwenye nguo. Baba hakuwahi kupitisha tarehe. Na kazi ikirudishwa kwa sababu imeharibika, hurudiwa bila mabishano. Hiyo ndiyo sheria ya duka letu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukuliandika popote. Baba alikuwa anafoka. Simpambi kwa sababu ni baba yangu. Mkono wa koti ukikaa vibaya, alifoka. Uzi ukikatika, alifoka. Mdogo wangu alikuwa ameshazoea kuingia chini ya meza ya pasi na kuziba masikio. Siku moja baba aliurusha mkasi ukutani, na alama yake ipo mpaka leo.

Siku ile ya mkasi mama aliingia chumbani. Alivuta begi kubwa kutoka uvunguni, akapanga nguo zetu, akalifunga. Zipu ilikuwa mbovu, akaibana kwa pini tatu.

"Shule zikifungwa mambo bado ni haya haya," alimwambia baba, "mimi na watoto tunakwenda kwa bibi yao. Na hatutarudi."

Zilikuwa zimebaki wiki kumi. Nilizihesabu kwenye daftari.

Baba akaogopa. Nesi wa zahanati akamwelekeza kwa mshauri nasaha, mama mmoja wa makamo mwenye chumba juu ya duka la vioo. Baba alitakiwa kwenda kila Jumanne, kuanzia saa kumi kamili mpaka saa kumi na dakika hamsini, si dakika moja zaidi. Nikampa jina yule mama: Bi Hamsini.

Nilidhani atampa baba vidonge, au walau amri. Jumanne ya kwanza nilimngoja mlangoni.

"Amekuambia ufanye nini?"

"Hajaniambia. Ameniuliza kilichonileta, halafu akanyamaza."

"Akanyamaza?"

"Tena muda mrefu. Ikabidi niseme mimi."

Jumanne ya pili walizungumza habari za utoto wake. Ya tatu, ndoto aliyoiota. Mimi nilikuwa nauma meno. Ndoto na makoti vinahusiana nini? Jumanne ya tano baba alirudi macho mekundu, akashika pasi, akasahau kuinyanyua, akaunguza suruali ya mteja. Fundi mwenye miaka ishirini kazini! Jumanne ya sita alinifokea mimi kuliko siku zote, kwa sababu ya vifungo vinne nilivyoviweka kwenye kopo la vifungo vingine. Vifungo vinne!

Nilimkasirikia baba, lakini zaidi nilimkasirikia Bi Hamsini. Baba alipomuuliza itachukua muda gani, alijibu kwamba hajui. Fundi gani huyo anayepokea kazi bila tarehe ya kuchukua? Anaiharibu, halafu sisi ndio tunaofungasha nguo.

Jumanne ya saba, baba akiwa anavaa shati safi, nilimwambia, "Yule mshauri amepiga simu. Leo hayupo."

Mkono wa baba ulisimama kwenye kifungo. "Hayupo?"

"Hayupo."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Mimi nikaaga kwamba nakwenda kununua uzi mweusi. Mfukoni nilikuwa na kikaratasi nilichokiandika shuleni wakati wa mapumziko.

Nilipanda ngazi za duka la vioo mbili mbili. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na viti viwili vinavyotazamana kidogo kwa pembeni, na saa ukutani. Bi Hamsini alikuwa amekaa peke yake. Hakuwa anasoma, wala kushika simu. Alikuwa amekaa tu.

"Shikamoo," nilisema kwa hasira.

"Marahaba, mwanangu."

Nikabandika kikaratasi mezani kwa kishindo. "Nimerudisha kazi. Imeharibika kuliko ilivyokuja."

Alikisoma polepole. Kazi: baba. Tatizo: kufoka. Tarehe ya kuchukua: kabla shule hazijafungwa. Hakucheka.

"Siwezi kukuambia kama kazi hii ninayo au sina," alisema. "Yanayosemwa humu hayatoki. Hata nani anakuja na nani haji, sisemi."

"Ni baba yangu!"

"Hata angekuwa baba yangu mimi."

Nilitamani kupiga teke kile kiti. Lakini yeye aliendelea kwa sauti ile ile.

"Ninachoweza kukuambia ni yanayomkuta mtu mzima yeyote anayeanza kuja hapa. Hapewi vidonge wala amri. Anasema linalomjia, hata likiwa la kipuuzi, hata la aibu. Mimi nasikiliza, nauliza, mara nyingine nanyamaza mpaka alitoe mwenyewe. Tunarudi nyuma taratibu, mpaka pale hasira ilipoanzia. Kule kuna mambo aliyoyafungia miaka mingi. Yakianza kutoka yanauma, na wengi huonekana wamezidi kuharibika kwa muda. Wengine hunichukia hata mimi."

"Hao nawaelewa," nilisema.

Hapo akatabasamu. "Ila maumivu hayo hayampi mtu ruhusa ya kuwafokea watoto wake. Hilo nalo husemwa humu, wala si kwa kubembelezwa."

"Na tarehe?"

"Sina. Nikikupa tarehe, nitakuwa nimekudanganya."

Neno hilo lilinichoma. Nikatazama kile kiti kitupu. "Mbona umekaa peke yako mlango wazi?"

"Saa hii ina mwenyewe. Asipokuja, nakaa mpaka dakika ya mwisho. Hapewi mtu mwingine." Kisha akaniuliza, "Na wewe, hizo hasira zako umeshamwambia anayehusika?"

Nikainua macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika ishirini. Hasira zangu hazikuisha, ila sasa zilinigeukia mimi mwenyewe. Niliteremka ngazi mbio.

Baba alikuwa bado kwenye kile kiti, shati halijafungwa vifungo. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na kikapu cha nguo.

"Baba, nimekudanganya. Yupo. Anakungoja." Nilikuwa nahema. "Na mimi nimekukasirikia! Tangu siku ya mkasi nimekukasirikia, na mdogo wangu anakaa chini ya meza kama paka, na wewe huoni!"

Uso wa baba ukavimba. Mkono wake ukaenda juu ya meza, pale mkasi ulipo. Mama akatua kikapu. Mimi nikasubiri.

Baba akausukuma mkasi mbali.

"Nimekasirika," alisema. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya kawaida, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma. "Nimekasirika sana. Wiki nzima nimejiandaa kusema jambo moja pale, na wewe umenikosesha. Saa ngapi sasa?"

"Kumi na nusu, baba."

"Tutazungumza nikirudi."

Akatoka mbio, shati linapepea, tepu ya kupimia bado shingoni. Majirani wakageuka kumtazama.

Aliporudi aliniita, akakaa kwenye ngazi ya duka, nami nikakaa kando yake.

"Nimezikuta dakika nane," alisema. "Zimetosha. Babu yako alikuwa fundi kama mimi. Nikikosea kukata, alinipiga kwa rula ya mbao, mbele ya wateja. Miaka thelathini sijamwambia mtu. Nilikuwa nafoka nikidhani nazungumzia makoti."

Nilimshika mkono.

"Nisamehe kwa kelele, mwanangu. Na wewe sikiliza. Umenidanganya ukidhani unanisaidia, ukaninyang'anya saa yangu. Ukiona jambo linaharibika, usilizunguke kwa uongo. Niambie mimi, usoni, kama ulivyoniambia leo. Kazi yako ni kusema kweli. Kazi yangu ni kuhakikisha huogopi kuisema."

"Nimesikia, baba. Nisamehe."

Wiki zile zilizobaki baba alifoka mara mbili. Mara zote mbili aliacha katikati ya sentensi, akatoka nje, akarudi kuomba radhi. Mdogo wangu akaanza kufanyia hesabu zake juu ya meza.

Siku shule zilipofungwa, niliingia dukani nikamkuta mama amesimama mbele ya baba kama mteja. Juu ya meza kulikuwa na lile begi kubwa. Lilikuwa tupu.

"Zipu imeharibika," mama alisema. "Naomba ibadilishwe."

Nikachukua kikaratasi haraka, nikaandika. Kazi: begi. Tatizo: zipu. Kisha nikainua kalamu. "Tarehe ya kuchukua?"

Mama alimtazama baba, halafu akanitazama mimi.

"Acha wazi," alisema. "Sina safari."