Poudre mu Mikono ya Adrien

Banasema Adrien anarudiaka ku nyumba na poudre mu mikono.

"Poudre gani?" nikauliza Brigitte, jirani yetu. Ni yeye njo alileta ile habari ku robinet ya cité, kwenye tunatekaka maji.

"Mama Léonie, poudre ni poudre. Ile unga ya bibi ya kujipaka ku uso. Na pete ya ndoa haiko ku kidole. Banamuonaka anaingia kwa Madeleine, ule mujane wa mutaa ya Kenya, mwenye kushona manguo."

Ile maneno ikanikwama sawa mwiba ya samaki. Adrien iko bwana ya mutoto wangu Léonie. Anatumika ku courant, ku umeme, anapandaka ku mapoteaux, zile nguzo za nyaya. Na kwetu, mama mukwe hasemeshake mukwe wake uso kwa uso. Miye kumuuliza, apana. Nikaambia Léonie aulize. Nyumba yangu na yao zinagusana, ukuta iko nyembamba, nikasikia yote.

"Adrien, lete mikono."

"Hii hapa."

"Inanuka poudre."

"Ni talc, unga ya magants, zile glavu za kaoutchouc za kazi. Banatiaka ndani, mukono ipate kuingia."

"Kumbe magants inapakaka poudre sawa bibi mwenye kuenda ku ndoa."

"Njo vile."

"Na pete?"

"Pete ni chuma, Léonie. Courant inapendaka chuma. Mbele ya kazi naitosha, naweka mu mufuko. Angalia, iko."

"Na Madeleine? Naye courant inamupenda?"

Adrien akacheka. Afazali angenyamaza.

"Ananishonea machemise ya pamba nzito, mikono mirefu, vifungo vya mufupa. Kitambaa nilichagua miye mwenyewe."

"Bibi mwingine anapima kifua ya bwana yangu, na miye niko hapa napika."

"Anapima na kamba."

"Na kamba inashikwaka na nini? Na mikono."

Asubuhi, Adrien alipoenda ku kazi, Léonie akatosha zile chemise zote, akazikata, akafanya torchon za kupangusa sufuria. Kisha akaenda mu ville, ku magazini ya Mugreki, akanunua chemise ya nylon, nyeupe, yenye kungaa, haiombe hata pasi.

Magaribi nikamusikia tena.

"Vwala hii. Bantu baone ni nani anakuvalishaka."

"Ni ya muzuri sana. Lakini ni ya misa, haiko ya courant. Zile zingine ziko wapi?"

"Zinapangusa sufuria."

"Léonie. Nylon inayeyukaka ku moto."

"Hata roho yangu inayeyuka. Ukiitosha, nitajua unapenda nani."

Nikasikia Adrien anavuta kiti. Kisha akasema polepole:

"Nitaivwala chini ya salopette, nguo yangu ya kazi. Amani ikae mu nyumba."

Ile juma haikuisha. Mu cabine ya courant, kale kanyumba ka mashini ya umeme, moto ukatoka mbele ya Adrien sawa radi. Salopette ikawaka ku kifua, benzake bakaizima mbio. Lakini chini, nylon ilikuwa imeisha kuyeyuka. Ikashikamana na ngozi ya kifua na bega sawa nta ya bougie.

Tulipofika ku hôpital, nikabakia inje ya mulango, kwa heshima ya mukwe. Madeleine akakuya na supu ya bouillon mu sahani ya kufunika. Léonie akasimama mbele yake.

"Umekuya kupima nini tena?"

Madeleine hakukasirika.

"Dada, bwana yangu alikuwa mu équipe moja ya kazi na wako. Miye pia nilipenda angae. Nilimuvwalisha chemise sawa ile, nikamuzika. Toka pale nashoneaka bantu ya courant pamba tu. Nilimuambia Adrien akulete, tupime pamoja. Akasema: ngoja kwanza, bibi yangu iko na wivu."

Léonie akapokea ile sahani na mikono mbili, akaingia. Mulango ikabaki wazi kidogo. Kifua ya Adrien ilifungwa bandeji yote. Lakini mikono, yenye ilikuwa mu magants, ilikuwa mizima, na talc ingali nyeupe katikati ya vidole. Léonie akaiweka ku uso.

"Hii poudre niliitukana," akasema. "Kumbe njo imeniachia mikono yako."

"Pete iko mu mufuko ya salopette, pale chini ya kitanda," Adrien akajibu, sauti kidogo. "Nitilie. Leo siko ku kazi."

Akamutilia. Alama ya ile nylon ingali ku kifua yake mpaka leo, na Léonie njo anaipakaka mafuta.

Mabinti zangu, na benye mutaolewa na bantu ya courant, mama anawaambia:

Usimuvwalishe nylon, wala kitambaa yenye kungaa, hata chini ya salopette.

Usikasirike akitosha pete. Saa na musalaba ya chuma pia, iache ku nyumba.

Usishone vifungo vya chuma.

Usimurudishie salopette yenye mafuta ao petrole. Inawaka mbio.

Usimuache aende na gants yenye tundu. Ujaze upepo, ukunje, usikilize kama inatoka.

Usilete maneno ya robinet ku kitanda yako.

Usimuache aende peke yake kwa mushonaji. Enda naye, shika kamba wewe mwenyewe.