Plasta Juu ya Mita

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya chai, Wavinya alichukua kitambaa akafuta vumbi kwenye amplifaya ya baba yake. Ilikuwa amplifaya ya zamani, nzito kama gunia la mahindi, na ndani yake mlikuwa na taa za kioo ziitwazo vali. Zikishapata moto ziliwaka rangi ya chungwa, na gitaa la Kitheka likaimba mpaka majirani wa Makongeni, pale Thika, wakasahau sufuria zao jikoni. Kitheka hakuwa na shamba wala kazi ya kiwandani. Karo, unga na viatu vya Wavinya vilitoka kwenye gitaa hilo na amplifaya hiyo.

Wavinya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Alipewa jina la nyanya yake, mama wa Kitheka, ndiyo sababu baba yake alipenda kumwita "mwaitu", yaani "mama" kwa Kikamba. Alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Alilinda mshale.

Adui mkubwa wa vali ni umeme usiotulia. Kwa hiyo Fundi Ahmad, mzee aliyetengeneza redio katika kibanda kando ya soko, alikuwa amempa Kitheka transfoma ya kuzungusha. Lilikuwa sanduku la chuma lenye kitasa juu na mita yenye mshale mbele. Umeme wa ukutani ukilegea, unazungusha kitasa kuuongeza. Ukipata nguvu, unakirudisha kuupunguza.

"Amplifaya hii inataka volti mia mbili na arobaini," Fundi Ahmad alimwambia Wavinya siku ya kwanza. "Usiizidishie hata ukibembelezwa. Wala usiipunguzie sana, vali zitachoka. Ukiona bati dogo lililo ndani ya vali linakuwa jekundu kama kaa la moto, zima mara moja. Na sikiliza vizuri, mwanangu: sanduku hili halimkingi mtu. Umeme unaotoka hapa unaua sawasawa na ule wa ukutani. Amplifaya yenyewe isifunguliwe na asiye fundi, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu umeme hubaki umejificha ndani."

"Na Baba Wavinya akipiga gitaa, nani ataangalia mshale?" aliuliza Saida. Saida alikuwa binti wa Fundi, na shuleni alikaa dawati moja na Wavinya.

"Mimi!" Wavinya alidakia, kichwa juu. Fundi na Kitheka wakacheka.

Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka wa 1996, Kitheka na wenzake walialikwa kutumbuiza katika arusi huko Ruiru. Ukumbi ulikuwa umepakana na shamba la kahawa, na ulikuwa msimu wa kuvuna. Kuanzia saa nane mashine za kumenya kahawa ziliunguruma nyuma ya ukuta, zikanyonya umeme hadi taa za ukumbini zikafifia. Wavinya alizungusha kitasa karibu na mwisho wake, mshale ukapanda taratibu na kutulia kwenye mia mbili arobaini.

"Vizuri, mwaitu," baba yake alimwambia. "Lakini mashine zikinyamaza tu, umeme utaruka juu. Rudisha kitasa papo hapo."

"Najua, Baba."

Alijua, na hapo ndipo uchungu wa hadithi hii ulipo. Alikaa na mshale saa nzima, saa ya pili ikaanza, na mashine hazikuonyesha dalili ya kunyamaza. Kisha maarusi wakaanza kukata keki. Ilikuwa keki ya ghorofa tatu, na Wavinya hakuwa ameonja keki tangu Krismasi. Watoto walikuwa wamepanga foleni mbele. Akajiambia ni dakika moja tu.

Kipande kilikuwa kimeshaingia mdomoni alipozisikia mashine zikinyamaza. Alikimbia. Watu walikuwa wakishangilia, kwani gitaa lilikuwa limepaa ghafla, sauti kali na tamu kuliko siku zote. Kabla hajafika, ulitokea mlipuko, moshi mweusi ukatoka nyuma ya amplifaya, na gitaa likanyamaza. Katika moshi ule Wavinya alikishika kitasa, akakirudisha mpaka mshale ukasimama kwenye mia mbili arobaini. Halafu akajifuta mdomo.

"Ulikuwa wapi?" Kitheka alifika akihema.

"Hapa hapa, Baba."

"Mshale je?"

"Haukusogea. Uliganda hapo hapo ulipo."

Kitheka alitazama mita. Kweli, ilisema mia mbili arobaini. Akatukana kwa sauti ya chini, na aliyemtukana alikuwa Fundi Ahmad.

Jumatatu jioni alimshika Wavinya mkono wakaenda hadi kibandani. Wateja watatu walikuwa wakingoja redio zao. Saida alikuwa akimmiminia babake chai.

"Mita yako imeniunguzia amplifaya!" Kitheka alifoka, akiitua transfoma mezani kwa kishindo.

Fundi hakujibu kwa hasira. Aliiunganisha transfoma na umeme, akachukua mita yake nyingine, akapima. "Tazama mwenyewe, Kitheka. Mita mbili, jibu moja. Hii ni nzima."

"Leo inasema kweli, Jumamosi ilidanganya! Mtoto wangu alikuwa ameikodolea macho, na mtoto wangu hasemi uongo!"

Mzee alimgeukia Wavinya. "Hukuondoka hata kidogo, mwanangu?"

Saida alikuwa akimtazama, birika mkononi. Lilikuwa neno dogo tu, na lingemaliza kila kitu.

"Sikuondoka," alisema.

"Basi," akajibu Fundi Ahmad, akaketi. Mteja mmoja alinyoosha mkono akaichukua redio yake, ingawa ilikuwa haijatengenezwa.

Maneno mabaya hayahitaji miguu. Kabla ya wiki kwisha, soko zima lilikuwa linajua kwamba mzee Ahmad macho yamechoka na huunguza vitu vya watu. Redio zilichukuliwa moja baada ya nyingine, na mpya hazikuletwa. Shuleni Saida alibeba vitabu vyake akahamia dawati la nyuma.

"Kwani nimekufanyia nini?" Wavinya alimuuliza, kana kwamba hakujua.

"Baba anashinda amekaa tu kibandani," Saida alisema. "Hakuna mtu anakuja. Unataka nikuambie nini tena?"

Siku hiyo Wavinya alirudisha chakula chake cha mchana nyumbani bila kukigusa. Alijichukia. Hata hivyo hakusema, kwa kuwa kila siku iliyopita iliufanya ukweli uwe mgumu zaidi kutoka.

Mwishoni mwa Novemba, shule zikiwa zimefungwa, Kitheka alipata kazi ya Jumapili huko Ngoliba, katika mchango wa kanisa. Aliazima amplifaya ya vali kwa rafiki yake Urbanus. Umeme wa Ngoliba hufika umechoka, kwa hiyo aliibeba na ile transfoma, aliyokuwa amerudi nayo kutoka kibandani. Kabla ya kuanza, alitoa plasta mfukoni akaibandika juu ya kioo cha mita, ikaufunika mshale wote.

"Baba, kwa nini?" Wavinya alishtuka.

"Mshale huu ni mwongo, wewe mwenyewe ulisema. Leo nitapima kwa masikio yangu."

Alizungusha kitasa, akapiga nyuzi, akasikiliza, akazungusha tena. "Ongeza kidogo," alisema Makau, mpiga besi. Kumbe Jumapili viwanda vilikuwa vimefungwa na umeme ulikuwa na nguvu zake zote. Walipofika wimbo wa pili, Wavinya alichungulia nyuma ya amplifaya. Bati ndani ya vali lilikuwa limeanza kuwa jekundu, jekundu kama kaa.

Alibandua plasta. Mshale ulikuwa umepita mia mbili sabini, ukitetemeka. Muda wote ulikuwa ukisema ukweli, na hakukuwa na mtu wa kuuona.

Wavinya alizima swichi ya ukutani, akachomoa plagi. Muziki ukakatika na kanisa lote likageuka.

"Una wazimu?" Kitheka aliuliza.

"Mshale si mwongo, Baba. Mwongo ni mimi." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Kule Ruiru nilikwenda kuchukua keki. Mashine ziliponyamaza sikuwepo. Nilirudisha kitasa baadaye ili usijue."

Afadhali Kitheka angemchapa. Alisema tu, "Nenda ukae nje, Wavinya," naye akasikia kwamba hakuitwa mwaitu.

Kesho yake walikwenda sokoni wakiwa na amplifaya iliyoungua. Walimkuta Fundi Ahmad akifunga maboksi kwa kamba, rafu zikiwa tupu. Kibanda kilikuwa kimeshapata mpangaji mwingine. Kitheka alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ile ile aliyofokea siku ile, wauza mboga wakisikia: "Mzee Ahmad, nilikusingizia. Mita yako ilikuwa sawa. Mtoto wangu alisema uongo, nami nikautangaza."

"Nimekusamehe," mzee alisema. "Lakini walioondoka si wewe peke yako."

"Nitakwenda kwa kila mmoja nimwambie ukweli."

"Nenda. Ni wajibu wako. Ila mimi kesho nahamia Mwingi kwa shemeji yangu. Nimezeeka, siwezi kungoja watu wabadilishe mawazo."

Hata hivyo alifungua boksi la vifaa, akaitengeneza amplifaya ile juu ya sanduku lililogeuzwa. Ilikuwa kazi yake ya mwisho Thika. Alipomaliza alimwita Wavinya karibu.

"Vali iliyoungua nimeibadilisha, umeona? Hiyo si kitu. Ungesema ukweli siku ile, ningekasirika mpaka jioni, halafu yangeisha. Lakini ulimwambia babako kwamba mita inadanganya, naye akaifunika. Mtu akishafunika mita, hatari inakuja mpaka puani na haioni. Sisi nasi ni mita za wenzetu, mwanangu. Wanatutazama wajue kama kuna usalama. Ukidanganya mara moja, watakufunika plasta, na siku utakapopiga kelele za kweli hakuna atakayekusikia. Sema ukweli mapema, wakati ukweli wenyewe bado ni mdogo na mwepesi kubeba."

"Nisamehe, Baba Saida," Wavinya alisema kwa sauti iliyokatika.

"Mimi nimekusamehe. Saida kamuulize mwenyewe."

Saida alikuwa nje, amekalia boksi. Alimsikiliza Wavinya hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa," akanyanyua boksi lake na kuingia ndani. Shule zilipofunguliwa Januari hakuwepo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kitheka alitimiza ahadi yake. Aliwafuata wateja wote, nyumba kwa nyumba, nao wakasikitika na kusema yule mzee alikuwa fundi hasa. Amplifaya iliimba tena kama zamani. Katika arusi iliyofuata Wavinya alikaa mbele ya mita tangu mwanzo hadi mwisho. Keki ilikatwa, ikaliwa, ikaisha, naye hakugeuza shingo. Kila wimbo ulipokwisha baba yake aliliweka gitaa chini, akaja hadi pale, akainama juu ya bega lake.

"Mia mbili arobaini, Baba," Wavinya alimwambia.

"Ngoja nione mwenyewe," alijibu Kitheka.