Birika la Mama Lililovuka Mpaka

Asubuhi hiyo Atsede aliwamiminia kahawa wateja tisa, na alipokwenda kuosha vikombe akakuta kumi vimetumika. Cha kumi kilikuwa na mashapo chini, bado ya moto. Akavihesabu tena kwa sauti.

"Dada, huyo wa kumi ni shetani nini?" alitania Wani, dereva wa bodaboda, mteja wake tangu siku ya kwanza. "Mtoze na yeye."

Atsede akacheka kidogo tu, maana huyo wa kumi alimjua.

Kibanda chake pale Juba kilikuwa na miezi miwili, mabati manne na viti vya plastiki, na tayari watu walikuwa wakisimama kungoja nafasi. Wahabeshi wenzake waliouza kahawa mtaa huohuo walikuwa wengi, na wote walikaanga buni ileile. Tofauti ilikuwa birika. La Atsede lilikuwa la udongo, jeusi kwa masizi ya miaka arobaini, tena halikuwa lake. Mama yake kule kwao Uhabeshi, mjini Gondar, alikuwa farasi wa zari, kama wanavyomwita mtu ambaye pepo wa aina hiyo amemchagua ampande, na kila Alhamisi alimpikia pepo huyo kahawa kwa birika hilo na si jingine. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao: pepo apate kahawa yake, mama apate afya yake. Siku ya safari Atsede alilichukua mama akiwa bado kitandani, akalifunga ndani ya shuka. Alijiambia mama atanunua jingine sokoni. Alijua anajidanganya.

Baada ya kikombe ikaja harufu. Hakuwa amechoma ubani, lakini kibanda kilijaa ubani, na chini yake ikasikika harufu ya siagi, ileile ambayo mama yake hupaka nywele. Kisha mchana mmoja, jua likiwa utosini, birika likiwa limekaa mbali na jiko tangu asubuhi, lilianza kuchemka lenyewe, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, na Atsede alipolisogelea akasikia ndani ya ule mchemko mtu akivuta pumzi na kuitoa, akivuta na kuitoa, kama mgonjwa anayesubiri apewe maji na hapewi.

Jioni jirani yao Zewde akapiga simu kutoka Gondar.

"Mama yako hainuki. Haongei. Amekunja vidole hivi, kama aliyeshika kikombe, na mkononi hamna kitu. Atsede, kuna nini?"

"Sijui," alisema Atsede, na aibu ikamchoma.

Kesho yake alimwendea Tiruwork, bibi wa Gondar aliyewatibu wenye pepo hapo Juba, ambaye Wahabeshi wote walimwita shangazi. Tiruwork alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyu simtoi. Ni wa nyumba yenu," alisema kwa sauti ya chini. "Lirudishe ndani ya siku saba, mwanangu, ukamwombe mama yako radhi."

"Siwezi kumpa dereva wa lori?"

"Aliyelibeba ndiye hulirudisha."

"Shangazi, Pasaka yetu imekaribia. Nikifunga sasa, wateja wote watahamia kwa wengine. Acha sikukuu ipite."

"Mimi nimekwisha sema."

Atsede hakufunga. Kila asubuhi aliapa kwamba kesho ataondoka, na kila asubuhi wateja waliongezeka.

Siku ya nane Zewde akapiga tena. "Mama ametutoka alfajiri. Tumeshamzika."

Simu ikamponyoka. Wateja walimwona akisimama wima, shingo ikizunguka na kuzunguka, nywele zikifunguka zenyewe, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamume, nzito na ya taratibu, ikisema Kiamhari. Wani hakuelewa hata neno moja. Alikimbilia pikipiki yake, akaenda kumleta Tiruwork, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mambo ya pepo.

Atsede alipozinduka, bibi, aliyeikuta sauti ile bado ikisema, alikuwa amemlaza kichwa mapajani.

"Amesemaje, shangazi?"

"Hukusikia. Ni afadhali."

"Niambie."

Tiruwork alimkusanyia nywele zilizofunguka. "Anasema mama yako alikuwa macho ulipolichukua. Mama alimwambia yeye pepo, 'Nenda na mwanangu, ugenini hana mtu.' Naye pepo akamjibu, 'Bila mimi utakufa.' Mama yako akasema, 'Hatutafika huko. Namjua mwanangu. Akisikia naumwa, atalirudisha.'"

Atsede aliomba Mungu amchukue palepale, na hakuchukuliwa.

Baada ya maombolezo alifungua kibanda. Farasi sasa alikuwa yeye, na Gondar hakukuwa tena na mtu wa kumrudishia birika. Wani alikuja wa kwanza, akaonja, akafumba macho.

"Dada, kweli," alisema, "hujawahi kupika kahawa tamu kama hii."

Atsede alimshukuru, akainama apulize makaa, ili Wani asimwone uso.