Rimiksi Ambayo Zouhoura Hakuipitisha

Jumanne moja ya Februari 2008, Zouhoura alimsaidia mzee mmoja kusoma barua pepe ya mwanawe aliyeko Marseille, akauza vocha mbili za simu, kisha akajikalia kwenye kompyuta ya mwisho, ile ya ukutani, akavaa hedifoni. Saiba hiyo, duka la mtandao na simu, ilikuwa ya mama yake mdogo, Charifa, hatua chache kutoka soko la Volo Volo, na kelele za wauza samaki ziliingia mpaka ndani. Asubuhi alisoma chuoni Mvouni, mchana alishika saiba. Siku ya kawaida kabisa. Hata umeme ulikuwepo, na mtu wa Moroni anajua kushukuru kwa hilo.

Alikuwa akisikiliza rimiksi. Wapo watu, nakwambia, wana kazi zao na familia zao, lakini wakipata nafasi huchukua muziki wa gemu walizocheza utotoni, wakaufumua, wakausuka upya kwa ngoma zao, wakaupandisha mtandaoni wenzao waukosoe. Jukwaa lao lilikuwa na watu kumi na mmoja, Wakomori wa visiwani na wa Ufaransa, chini ya bwana mmoja wa Marseille aitwaye Soidri. Sheria ilikuwa moja. Kila rimiksi ilipewa mkosoaji mmoja, na mpaka mkosoaji huyo aandike "Imetimia", mwenye rimiksi hakuruhusiwa kuiacha. Atarekebisha, atarudisha, atarekebisha tena. Kila aliyejiunga aliapa hivyo. Waliapa kwa mzaha, ndiyo, lakini kiapo ni kiapo.

Zouhoura alikuwa mkosoaji wa mdogo wake, Mouridi, karani wa bandari aliyebaki Mutsamudu na mama yao. Jukwaani walimwogopa. Akisema besi yako ni tope, ni tope, na ukibisha atakutajia mpaka sekunde. Lakini mgala muue na haki yake mpe: aliyemfuata Zouhoura alitoka na wimbo mzuri.

Mouridi alikuwa amechukua wimbo wa ile hatua ya chini ya maji, ya gemu waliyoigombania udogoni, ambapo shujaa huogelea pangoni huku pumzi ikimwishia. Toleo la kwanza lilikuwa ovyo. La pili afadhali. La tatu, lile la Jumanne hiyo, Zouhoura alilirudia mara nne, na mara ya nne akajifuta macho. Lilikuwa limekamilika. Halikuwa na pa kushika wala pa kukosoa.

Hakuandika "Imetimia".

Usimlaumu haraka. Kisiwa cha Ndzuwani, penye mji wa Mutsamudu, kilikuwa kimejitenga, Moroni na Mutsamudu hazisemezani, meli zimezuiwa, simu unapiga mpaka kidole kinaota sugu. Njia pekee iliyobaki ilikuwa rafiki wa Mouridi mwenye ofisi pale Mutsamudu, aliyemruhusu kutumia mtandao wake kila Jumanne. Rimiksi ilikuja na mistari miwili mitatu chini yake: mama hajambo, mchele umeadimika, petroli hakuna, usituhofie. Zouhoura alimsomea Charifa mistari hiyo, na usiku ule wote wawili walilala. Sasa akimwambia imetimia, Mouridi ataleta nini Jumanne ijayo? Kijana mvivu wa kuandika yule, bila rimiksi hata salamu hatatuma.

Kwa hiyo akatunga kasoro. Akalalamikia ngoma, na Jumanne iliyofuata toleo la nne likaja na ngoma nyingine. Akakosa tena la kusema. Basi akaandika uongo mtupu: "Kuna kitu nyuma ya wimbo. Kiko mbali mno. Kisogeze karibu nikisikie."

Nyuma ya wimbo hapakuwa na kitu. Alijua hivyo, na moyo ulimsuta kidogo, lakini aliubonyeza ule uongo ukaenda.

Jumanne ya kwanza ya Machi haikuja rimiksi. Zouhoura alikaa mpaka Charifa akamfungia mlango. Jumanne ya pili akaikuta, toleo la tano, bila salamu, bila habari za mama. Alichukia kwanza. Akavaa hedifoni.

Palikuwa na kitu nyuma ya wimbo.

Kilikuwa mbali, upande wa kushoto, kama mtu aliye chumba cha pili. Kikivuta. Kikisita. Kikivuta tena. Zouhoura akatabasamu mwenyewe, akasema huyu mtoto kanikomoa, nimemwambia kuna kitu naye kakiweka. Akamwandikia kwamba kimependeza ila bado kiko mbali, na mama hajambo?

Toleo la sita lilikuja bila jibu. Kile kitu kilikuwa karibu zaidi. Ilikuwa pumzi. Pumzi ya mtu anayeshindana na kifua chake, na ndani yake mna mchirizi wa maji. Ngoma zilikuwa zimepungua. Zouhoura alimwandikia Soidri amweleze Mouridi kwamba mchezo umezidi. Soidri akajibu kwamba yeye hasikii pumzi yoyote, anasikia wimbo tu, tena mzuri, kwa nini haupitishi?

Jumanne ya mwisho ya Machi majeshi ya serikali yalishuka Ndzuwani kukirudisha kisiwa. Redio za Volo Volo nzima zilikuwa juu, watu wamezizunguka, na habari zilikuwa kwamba Mutsamudu kila mlango umefungwa. Hakuna ofisi iliyokuwa wazi mji ule. Saa nane mchana toleo la saba likaingia. Zouhoura aliliona, akaenda kukaa nje na wauza samaki. Hakulifungua.

Siku tatu baadaye simu zilirudi, na mama akapiga. Charifa alisimama karibu, akaona uso wa binti unavyobadilika.

Mama alisema Mouridi hayupo. Alisema kwa sauti iliyokauka, ya mtu aliyekwisha kulia machozi yake yote. Mwanzoni mwa mwezi kijana alipanda kwasa, zile boti ndogo za faiba zinazovusha watu kwa siri, pamoja na wengine sita. Bahari ilichafuka. Siku ya tatu mawimbi yalimtupa kwenye mchanga mweupe wa Bimbini, hukohuko Ndzuwani, watu wakamzika. Hitima imekwisha somwa. Mama alitafuta njia ya kumjulisha Zouhoura akakosa.

"Alikuwa anakuja kwako, mwanangu," mama akasema. "Alisema kuna kitu unakisikia kwenye wimbo wake na yeye hakisikii. Alitaka mkae pamoja umwonyeshe."

Zouhoura alikata simu bila kuaga. Alihesabu kwa vidole. Toleo la tano, la sita, la saba. Yote yalikuja Mouridi akiwa kaburini.

Alimweleza Charifa kila kitu: sheria, kiapo, uongo. Charifa si mtu wa mambo ya mizimu, ni mfanyabiashara, lakini alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa saiba mchana kweupe na kuweka komeo. Akanong'ona kana kwamba kuna mgonjwa ndani.

"Kaapa hataiacha mpaka useme. Basi sema, umwachie mtoto apumzike."

Zouhoura akakaa. Akaanza kuandika. Im. Vidole vikagoma. Neno moja, na hatamsikia tena duniani. Alimtaka. Hata hivyo alivyo, alimtaka. Akavaa hedifoni, akafungua toleo la saba.

Ngoma hazikuwepo. Wimbo ulikuwa umebaki uzi tu. Pumzi ilikuwa hapa, sikioni. Ikasita.

"Dada," ikasema. "Bado?"

Ilikuwa sauti ya Mouridi. Ya Mouridi aliyechoka, vile alivyokuwa akirudi bandarini. Zouhoura alilia mpaka kibodi ikalowa. Na badala ya lile neno akaandika jingine. Aliandika: "Bado."

Charifa alisoma begani kwake. Alimpiga kofi la mgongo, akashika kichwa, akasema umefanya nini wewe.

Haikungoja Jumanne. Toleo la nane liliingia palepale.

Halikuwa na wimbo. Pumzi tu. Ndani. Nje. Zouhoura akabana pumzi yake ili asikie vizuri. Ile haikubana. Ikaja karibu. Akavua hedifoni, akaiweka mezani. Iliendelea. Kushoto. Akaziba sikio kwa kiganja. Ikawa kubwa zaidi.

"Nimechoka, dada," ikasema, chini ya kiganja chake.

Charifa hakusikia neno. Alichoona ni Zouhoura akiinamisha kichwa upande kwa upole, kama mtu anayelaliwa begani na mtoto. Kisha mikono yake ikaenda kwenye kibodi, ikaandika herufi zote nane: "Imetimia". Umeme ukakatika. Soko zima likaguna.

Uliporudi, jukwaani palikuwa na matoleo manne tu. Soidri aliapa kwamba hakufuta kitu.

Sikio la kushoto la Zouhoura halikufunguka. Wiki nzima alilalamika kwamba limejaa, anajisikia kama amezama. Charifa akampeleka kwa muuguzi, Chanfi, jirani yao, aliyemkalisha uani asubuhi, akajaza bomba la sindano maji ya uvuguvugu na kuliosha taratibu. Maji ya kwanza yalitoka na mchanga. Ya pili yakatoka na mchanga. Chanfi akauliza ni lini mara ya mwisho kuoga baharini. Charifa akajibu kwamba tangu mwaka jana mtoto huyu hajakanyaga pwani, na mchanga wa pwani yao mweusi, huu ni mweupe.

Chanfi alichungulia kwa tochi. Akasema mchanga umebaki kidogo, ndani kabisa, aoshe mara moja tu sikio lifunguke.

Zouhoura aliliziba kwa viganja vyote viwili, akamwomba auache huo uliobaki.