Swali la Bonareri

Kila asubuhi Kipkosgei alikamua ng'ombe wake wawili. Kisha yeye, mkewe Chepngeno na watoto wao waliingia shambani kuchuma majani chai. Shamba lilikuwa dogo, upande wa Bomet. Noah alikuwa na miaka kumi. Dada yake Fancy, wa miaka saba, alichuma kidogo na kucheza sana. Saa nne wazazi walikunywa chai ya rangi, watoto wakanywa maziwa.

Jumamosi moja mwaka 1996, Fancy alianza kutapika. Mate yalimtoka bila kukoma, jasho likamlowesha. Kabla ya jioni alikuwa amefariki.

Siku hiyo jirani yao Quinter alikuwa amempa mtoto kipande cha samaki. Quinter alitoka upande wa ziwa, akiuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Kipkosgei hakuuliza zaidi. Alimzuia kuja matangani, na baada ya mazishi akamfuata sokoni, akamwita mchawi mbele ya watu. Wengine wakamtemea mate, wakapindua meza yake. Quinter aliokota omena kwenye tope. Wiki hiyo alihamia Fort Ternan.

Mwezi haukuisha, Noah naye akaanza kutapika. Mate yale yale, jasho lile lile. Na Quinter hakuwepo.

Zahanati iliandika barua, gari la wagonjwa likampeleka Noah hadi Eldoret, kwenye hospitali kubwa ambako chuo kikuu hufundisha madaktari. Kipkosgei aliona vijana kumi wenye makoti meupe wamezunguka kitanda. Alikasirika. Alimwambia profesa kwamba mtoto wake si kitabu cha kujifunzia.

"Mzee, hakuna anayemtibu bila mimi," profesa alimjibu. "Lakini tukiwa wengi, mmoja anaweza kuona kitu mimi nimekosa kuona."

Akawaonyesha vijana macho ya Noah. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hiyo ni sumu, akasema, na papo hapo akamdunga dawa, tena na tena, mpaka mate yakakauka.

Wengine walipoondoka, mwanafunzi mmoja aliyeitwa Bonareri alibaki. Aliketi na Kipkosgei, akamuuliza pole pole juu ya kila kitu mtoto alichokula na kunywa. Mwishowe akauliza, "Hayo maziwa ya shambani mlibeba na nini?"

Kipkosgei alisema ni galoni ya plastiki. Zamani ilikuwa na dawa ya kupe, ile ya kuogesha ng'ombe.

"Lakini niliosha na sabuni ya Omo mara tatu," akasema. "Hata harufu iliisha."

Bonareri aliweka kalamu chini. "Mzee, ile sumu inaingia ndani ya plastiki. Hata ukiosha namna gani, haiishi. Ukiweka maziwa, inatoka tena, inaingia kwa maziwa."

"Na Fancy?"

"Sikumpima. Lakini naona ni hiyo hiyo."

Kipkosgei alitamani aambiwe ni samaki. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemimina maziwa asubuhi ile, na kwamba Fancy aliomba aongezwe.

Noah alipona. Mwezi uliofuata profesa alileta wanafunzi wake kijijini, kwenye josho la ng'ombe, kwa sababu kazi ya hospitali ile haikuishia vitandani. Walifundisha kwamba chombo cha dawa ya mifugo hakibebi chakula wala maji kamwe. Kitobolewe, kizikwe mbali na mto. Mtu akipatwa na sumu, akimbizwe hospitali, na wahudumu waonyeshwe chombo chenyewe. Kipkosgei alisimama, akaeleza kilichomuua binti yake. Karibu kila boma lilitoa galoni kama ile. Tangu hapo hakuna mtoto mwingine aliyekufa hivyo kijijini.

Kisha akaenda Fort Ternan. Quinter alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Kipkosgei alimweleza yote, akaomba msamaha, akamsihi arudi sokoni kwake.

Quinter alimsikiliza mpaka mwisho.

"Noah amepona?"

"Amepona."

"Mungu ashukuriwe." Akaendelea kupepeta. "Fancy alikuwa anakuja kwangu kila siku, Baba Noah. Mimi pia nilimlilia. Hukuniruhusu hata nije matangani."

Hakumkaribisha ndani. Kipkosgei akageuka kurudi Bomet.